Sauti Mbili, Maikrofoni Moja: Hotuba Kuhusu Ndugu wa Louvin

Maneno haya niliyasema mbele ya wanakwaya na wapenzi wa muziki wa kantri waliokutana Kericho. Walioshindwa kufika wameomba wayapate yote, nami nayaweka hapa kama yalivyotoka. Nimeacha tu yale niliyoyarudia tukingoja umeme urudi.

Bwana mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama wa kwaya, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni: hamjambo?

Sikuwasikia wa besi. Hamjambo?

Haya. Sasa nimejua kama besi ipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya ndugu wawili, Ira Louvin na Charlie Louvin, watu wa Alabama huko Marekani. Naona baadhi yenu mnatazamana. Jim Reeves mnamjua. Skeeter Davis mnamjua, Don Williams mnamjua, na nikimtaja Dolly Parton hapa mtaanza kuimba kabla sijamaliza sentensi. Lakini Louvin ni nani?

Nawaambia, mmewasikia. Mmewasikia kwa vinywa vya wengine. Mliowapenda Everly Brothers, wale ndugu wawili Don na Phil, mlikuwa mkisikia njia iliyofyekwa na Louvin. Mliompenda Emmylou Harris, wimbo uliomfikisha kwenye nafasi za juu za chati za kantri mwaka 1975 ulikuwa wao. Na msiniambie kwamba habari hizi za Alabama ziko mbali na Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikuja na mitambo yake akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyekwishafariki miaka 17 kabla, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huku na jina lake likageuka kwa ulimi wa hapa. Kwa hiyo tusijifanye wageni.

Mimi nina jambo moja tu la kusema leo, na nitalirudia mpaka mchoke. Watu wakisikia ndugu wawili wakiimba vizuri husema, "Aa, hiyo ni damu." Hata Wamarekani wenyewe husema hivyo. Mimi sikubali. Damu ilisaidia, sikatai, lakini sauti ya Louvin ilitengenezwa. Ilitengenezwa kwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa moja: kumpisha mwenzako. Kumpisha mwenzako apite juu, wewe ushuke chini. Kumpisha tena ashuke, wewe upande. Walilijua hilo katika wimbo kuliko waimbaji wote wa zama zao. Katika maisha mmoja wao hakulijua kabisa, na tutafika huko.

Tuanze nyumbani kwao.

Ira alizaliwa mwaka 1924, Charlie mwaka 1927. Walizaliwa mahali panapoitwa Section, wakakulia Henagar, juu ya uwanda wa Sand Mountain, kaskazini mashariki mwa Alabama. Jina la ukoo lilikuwa Loudermilk. Louvin ni jina walilojitengenezea baadaye, kwa sababu Loudermilk lilikuwa refu na watu walikuwa wakilikosea. Baba yao alikuwa mkulima wa pamba, na pamba haina huruma na mtoto. Mliolima pamba mnajua: mgongo umeinama kutwa, vidole vimechanika. Baba alikuwa mkali, na fimbo zake nyingi zilimwangukia Ira, aliyekuwa mkubwa. Charlie mwenyewe amelisimulia jambo hili akiwa mzee, bila kulipamba. Naomba mliweke akilini.

Baba huyo huyo alipiga banjo. Na banjo, wazee wangu, asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari pamoja na watu waliotekwa wakauzwa, ikaingia mashambani kusini mwa Marekani, mpaka ikafika mikononi mwa mkulima mzungu juu ya Sand Mountain. Hili nalo liwekeni. Nitalihitaji mbele kidogo.

Mama alitoka upande wa wahubiri wa Kibatisti. Yeye ndiye aliyekuwa na hazina ya nyimbo za kale, zile zilizovuka kutoka Uingereza, zenye mauaji na vilio na mabinti waliozama mtoni. Na ndiye aliyewapeleka watoto kwenye uimbaji unaoitwa Sacred Harp.

Hapa nawauliza: nani kati yenu alijifunza kuimba kwa solfa? Inueni mikono.

Karibu wote. Vizuri, basi sina haja ya kueleza sana. Mnakumbuka mwalimu wa kwaya akiandika d, r, m, f ubaoni, na wimbo mnaujua kwa solfa kabla ya kujua hata maneno yake? Kule Alabama ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa wao wana majina manne tu: fa, sol, la, mi. Kila jina lina umbo lake kwenye karatasi: fa ni pembetatu, sol ni duara, la ni mraba, mi ni almasi. Kitabu chao kilitoka kwanza mwaka 1844. Kwanza wanauimba wimbo wote kwa fa-sol-la, ndipo wanaingia kwenye maneno. Hakuna kinanda, hakuna gitaa.

Na wanakaaje? Sikilizeni hili, wanakwaya. Hawawatazami watu. Wanakaa pande nne, kila sauti upande wake, wakitazamana, na katikati panabaki wazi. Anayeongoza anasimama pale katikati, na sauti zote nne zinamwangukia yeye. Wanaimba kwa nguvu zote za kifua. Hakuna anayeimba ili asifiwe, kwa maana hakuna hadhira. Kila mtu anaimba akimsikiliza aliye mbele yake.

Mtoto aliyekulia pale anajifunza nini? Anajifunza kwamba sauti yake ni robo. Robo tu! Sisi tunafundisha watoto wetu kusimama mbele ya maikrofoni kabla hawajajua kusikiliza. Sina nafasi ya kugombana na mtu hapa, lakini nimeshalisema.

Sasa niwape kisa. Charlie alisimulia kwamba walipokuwa wavulana, shoo yao ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sherehe ya Julai 4, mahali panapoitwa Flat Rock. Hawakupewa jukwaa. Walipewa nafasi katikati ya bembea ya mzunguko, ile ya kuwazungusha watoto, na iliyokuwa ikiizungusha si mashine, ni nyumbu. Nyumbu anazunguka, watoto wanazunguka, na waimbaji wanaimba humo humo. Mnacheka? Fikirini kazi yake. Huwezi kumtazama mtu usoni. Kelele pande zote. Huna cha kushika ila sauti ya ndugu yako iliyo karibu na sikio lako.

Na kisa cha pili, cha Roy Acuff. Alikuwa nyota mkubwa wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville, na alikuja kuimba katika shule ya huko kwao. Vijana hawa walikuwa shambani gari lake lilipopita. Hela ya kuingilia hawakuwa nayo, wakaenda kusikiliza kwa nje kama wengi wengine. Charlie alisema siku ile ndiyo waliyojua wanataka kuwa nini. Si kuwa matajiri, alisema. Kuwa ndani ya gari linalopita badala ya kuwa shambani kulitazama.

Tuingie kwenye sauti yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Kabla yao kulikuwa na ndugu wengine wengi. Miaka ya 1930 redio za kusini zilijaa ndugu. Delmore Brothers, nao wa Alabama, waliimba kwa upole, karibu kunong'ona, kwa sababu maikrofoni ilikuwa imeanza kuwaruhusu watu kunong'ona. Monroe Brothers walikwenda mbio na juu, mandolini, ala ndogo ya nyuzi, ikikata kama panga. Louvin waliwasikiliza wote. Mwaka 1960 walitoa hata albamu nzima ya kuwaheshimu Delmore. Walichukua upole wa hao na ukali wa wale, wakatia kile kifua cha Sacred Harp ambacho hakuna redio iliyowafundisha.

Ira alipiga mandolini na kuimba teno ya juu. Juu kweli, wanaume wa teno mtanielewa: pale ambapo mshipa wa shingo unatoka. Charlie alipiga gitaa na kubeba wimbo, sauti yake ikiwa ya chini zaidi, laini, yenye mwili. Ndugu wengine wengi waliishia hapo: mmoja anabeba wimbo, mwingine anakaa juu yake, na wanakwenda sambamba hadi mwisho. Ndivyo Everly Brothers walivyofanya kwa sehemu kubwa, na walifanya vizuri sana.

Louvin hawakuishia hapo. Wimbo unapopanda mpaka Charlie hawezi kuufikia bila kukaza koo, Charlie anauachia. Anauachia katikati ya mstari! Ira anaudaka wimbo kule juu, na Charlie papo hapo anashuka chini yake kuwa sauti ya pili. Mstari ukiteremka, wanabadilishana tena. Wewe msikilizaji husikii mshono. Unasikia wimbo mmoja usiokatika, na unashangaa mtu huyu ana sauti ndefu namna gani, kumbe ni watu wawili.

Mmewaona akina mama wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi huu unashuka, ule unapanda, na haigongani. Hawahesabu. Hawatazamani. Ukimwuliza mmoja anajuaje wakati wake, atakushangaa. Charlie aliulizwa swali hilo mara nyingi maishani: mlikuwa mkipeana ishara gani? Alijibu kwamba hapakuwa na ishara. Walijua tu.

Sasa damu iko wapi hapo? Nawauliza nyinyi mnaosema damu. Damu inaweza kuwapa watu wawili koo zinazofanana. Kubwa zaidi, kulelewa nyumba moja kunawapa namna moja ya kutamka irabu, na mwalimu yeyote wa kwaya atakuambia kwaya inaharibikia kwenye irabu. Huyu anasema "a" ya mdomo wazi, yule "a" ya mdomo mdogo, na sauti haziungani hata zikiwa kwenye noti sahihi. Ndugu hawana shida hiyo. Nakubali. Lakini kuachia wimbo katikati ya mstari? Damu haikufundishi kuachia. Waulizeni ndugu waliogawana shamba.

Tazameni walivyosimama. Maikrofoni ilikuwa moja. Ira upande huu, Charlie upande huu, vichwa karibu kugusana. Hapakuwa na fundi wa kuwapandisha au kuwashusha. Ukitaka mwenzako asikike, unarudi nyuma nusu hatua.

Niende haraka katika miaka ya dhiki, maana ilikuwa mingi na inafanana. Walizunguka redio za Knoxville, Memphis na Birmingham. Walirekodi kwa kampuni hii na ile bila mafanikio. Charlie alikwenda jeshini, akarudi. Wakafanya kazi posta mjini Memphis, ndio, makarani wa posta, wakiimba baada ya kazi. Mwaka 1952 wakaingia Capitol, kampuni kubwa ya sahani, chini ya mtayarishaji Ken Nelson, wakirekodi nyimbo za injili. Mara Charlie akaitwa tena, safari hii vita vya Korea. Mtu mwingine angeacha. Mwaka 1955, baada ya kukataliwa mara nyingi, wakaingia Grand Ole Opry, kipindi kile kile cha Roy Acuff waliyemsikiliza kwa nje.

Na walipoingia tu, wakakutana na tumbaku.

Mdhamini wa sehemu ya kipindi ilikuwa kampuni ya tumbaku, na jibu lililowafikia, kwa masimulizi ya Charlie, lilikuwa kwamba tumbaku haiuziki kwa nyimbo za injili. Wanakwaya wangu, mngefanyaje? Umeimba injili maisha yako yote ya kazi, mkataba wako ni wa injili, halafu unaambiwa chagua. Waliandika wimbo wa mapenzi, When I Stop Dreaming, wakaurekodi mwaka huo huo. Uliingia kwenye chati. Mwaka uliofuata wakashika namba moja kwa I Don't Believe You've Met My Baby. Huo haukuwa utunzi wao, na ndio namba moja yao ya pekee.

Wako wanaosema waliuza imani kwa tumbaku. Mimi naona maneno hayo ni mepesi. Hawakuacha injili, waliendelea kurekodi vyote viwili. Na ukisikiliza nyimbo zao za mapenzi, utasikia ni tenzi zilizovaa nguo za siku za kazi. Kilio ni kile kile. Kinachobadilika ni nani anayeliliwa.

Mwaka 1959 walitoa albamu ya injili iitwayo Satan Is Real. Picha ya jalada lake nawasihi mkaitafute. Ira alimtengeneza Shetani kwa plaiwudi, urefu karibu mita nne, mwenye pembe na mkuki. Wakampeleka kwenye machimbo ya mawe. Wakaficha matairi yaliyolowekwa mafuta ya taa, wakayawasha. Halafu wenyewe wakasimama mbele ya moto, wamevaa suti nyeupe, mikono wameitandaza, kama wachuuzi wanaokukaribisha dukani. Charlie alisimulia kwamba mvua ilianza kunyesha wakati wanapiga picha. Mawe yaliyopata moto yakipigwa na maji baridi hupasuka, na walikuwa wamesimama katikati yake.

Watu wa leo wanaicheka picha ile. Mimi siicheki. Mtu aliyemchonga Shetani yule alikuwa anamjua.

Sasa nimefika mahali ambapo ningeweza kupita pembeni, na mwenyekiti angenishukuru kwa kubana muda. Sitapita pembeni.

Katikati ya miaka ya 1950 Louvin walizunguka kwenye ziara moja na kijana aitwaye Elvis Presley. Elvis aliwapenda sana, na mama yake pia. Usiku mmoja nyuma ya jukwaa, Elvis alikaa kwenye kinanda akapiga tenzi, akasema huu ndio muziki anaoupenda hasa. Ira akamgeukia. Kama unaupenda huu, akamwuliza, kwa nini kule nje unapiga takataka ile? Na alimwita kwa tusi. Tusi lenyewe ni lile ambalo wazungu wabaguzi wa kusini waliwatukana watu weusi. Alimtukana Elvis kwa kumfananisha na sisi.

Elvis alijibu kwa utulivu: kule nje nafanya wanachotaka, huku nyuma nafanya ninachotaka. Na Elvis, aliyerekodi nyimbo nyingi za injili maishani mwake, hakurekodi hata mmoja wa Louvin. Charlie alikuwa akisema tusi lile liliwapotezea mirabaha ambayo hakuna anayeweza kuikadiria.

Sasa nawauliza, na najiuliza. Sisi tumekaa hapa, watu weusi, tunamsifu mtu huyu kwa teno yake. Tufanye nini naye? Mzee mmoja aliniambia kabla sijapanda hapa, "Usiwaambie hilo, utawaharibia muziki." Mzee wangu, kwa heshima zote, nimekataa. Ira alikuwa mbaguzi kinywani, na kinywa hicho hicho ndicho kilichoimba. Banjo iliyomlea ilitoka kwetu. Hao Delmore aliowatukuza walikuwa wamejaa bluzi za watu weusi. Alikuwa akilitukana tawi alilokalia, wala hakujua. Mimi nautaka muziki wake, na nautaka pamoja na habari zake zote. Anayetaka kuusikiliza bila habari hizo, ni haki yake. Anayetaka kuzima kabisa, nayo ni haki yake, na sitamwita mkosa masikio.

Lakini tazameni jambo moja. Ira ambaye akiwa kwenye maikrofoni alijua kupisha kuliko mtu yeyote, akiwa nyuma ya jukwaa hakuweza kumpisha kijana mdogo apige kinanda.

Na ndivyo ilivyokuwa katika mengine. Pombe ilimshika. Mandolini ikipoteza sauti kwa joto la taa, aliipasua pale pale jukwaani, mbele ya watu waliolipa. Baadaye anaokota vipande anaviunga. Muziki wa rock and roll ulikuwa umekula soko la kantri, na Charlie alisimulia kwamba Ken Nelson, kwa nia njema au mbaya, aliwaambia pengine ni mandolini inayozuia sahani zisiuzike. Mandolini ilikuwa ndiyo Ira. Unamwambia mtu kwamba yeye ndiye kikwazo cha ndugu yake! Tangu hapo, Charlie alisema, kaka yake alizidi kunywa.

Mapema mwaka 1963 Ira alimpiga mke wake wa tatu na kumnyonga kwa waya wa simu. Yule mama akachukua bastola akampiga risasi kadhaa. Ira hakufa. Wasimulizi wengi hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, kama kituko cha wanamuziki. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtoto aliyepigwa Sand Mountain alikua akawa mpigaji, na mwanamke alikuwa karibu kufa. Simtetei.

Agosti mwaka huo Charlie alisema basi. Wazee wetu wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, maana watapatana kesho. Safari hii kesho haikuja. Kila mmoja akaenda njia yake. Charlie alianza kuimba peke yake na akafaulu haraka, mwaka 1964 na 1965, kwa nyimbo zilizoshika chati. Ira alirekodi albamu yake. Juni 20, 1965, akitoka kuimba Kansas City, gari alimokuwa pamoja na mke wake wa nne liligongana na jingine huko Missouri. Wote wawili walifariki, na wengine pia. Alikuwa na miaka 41. Katika ajali ile aliyekuwa amelewa alikuwa dereva wa gari lile jingine.

Everly Brothers nao, mnakumbuka? Mwaka 1973, California, Phil alivunja gitaa jukwaani akaondoka, wakakaa miaka kumi bila kuimba pamoja. Wao walipata kurudiana, London, mwaka 1983. Si kila ndugu hupewa miaka kumi.

Charlie aliishi. Hili ndilo watu hulisahau: aliishi miaka mingine 45 na zaidi baada ya kaka yake. Alibaki Opry. Akaona vijana wenye nywele ndefu, akina Gram Parsons na kundi la Byrds, wakiimba utunzi wao mwaka 1968. Akaona Emmylou Harris akiupandisha wimbo wao. Mwaka 2001 Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mjini Nashville liliwaingiza Louvin, na nani mwingine mwaka huo huo? Delmore Brothers. Everly Brothers. Jozi zote tatu za ndugu wa mstari mmoja, mwaka mmoja. Na Ken Nelson pia, yule wa mandolini! Mwaka 2007, karibu na miaka 80, Charlie akatoa albamu mpya, sauti imekwaruza lakini haijatoka kwenye noti. Alifariki Januari 2011.

Kuna jambo Charlie alilieleza katika uzee wake, na ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo. Alisema miaka yote ile ya kuimba peke yake, ikifika sehemu ya kuunganisha sauti, mwili wake ulisogea kando wenyewe. Ulikuwa ukiipisha sauti ya pili kwenye maikrofoni. Alijua hakuna mtu pale. Alisogea hata hivyo.

Mnasemaje sasa? Hiyo ni damu au ni mazoezi?

Naona mikono miwili imeshainuka. Shusheni kwanza, maswali yatakuja baada ya nyimbo. Tutasikiliza tatu. Wa kwanza ni When I Stop Dreaming. Kwenye kiitikio nataka wa teno mnyooshe kidole pale mnapodhani Ira ameudaka wimbo, na wa besi mnyooshe Charlie anaposhuka. Tutaona nani ana masikio. Wa pili ni wa mauaji, ule wa binti wa Knoxville, wenye watoto wadogo hapa wanaweza kuwatoa nje wakanywe soda. Wa tatu ni wa injili, na huo tutaupiga mara mbili, kwa sababu mara ya pili akina mama wa alto watajaribu kuingia na sauti ya Charlie huku kijana wetu yule aliyesimama mlangoni akishika ya Ira. Ndiyo, wewe. Njoo mbele. Maikrofoni tunayo moja tu, kwa hiyo mtapangana.

Fundi, weka.